Kutojua Kuna Bei, na Bei Yake ni Volti: Udhibiti Imara wa Mkondo katika Mota ya Reluktansi

Rota ya mota ya reluktansi haina waya, haina sumaku, haina brashi. Ni bati za chuma zilizokatwa kwa umbo la gia yenye meno machache, zikapangwa na kubanwa pamoja kwenye shafti. Fundi aliyezoea kusuka mota za pampu na mashine za kusaga akiifungua kwa mara ya kwanza huangalia mezani kama kuna kipande kilichodondoka. Hakuna. Waya wote uko kwenye stata, sehemu isiyozunguka, ambako kila jino la chuma limevishwa koili yake, na koili mbili zinazotazamana hufanya kazi kama fezi moja, yaani hupewa umeme na kukatiwa kwa pamoja.

Kazi yenyewe hata mtoto aliyechezea sumaku anaielewa. Koili ikipata umeme, jino lake linageuka sumaku na kulivuta jino la rota lililo karibu. Kabla meno hayo hayajakaa sawasawa uso kwa uso, umeme unakatwa na kupelekwa kwenye koili ya jirani, nayo inavuta kwa zamu yake. Rota inazunguka kwa kukimbilia mvuto unaohama. Wazo ni kongwe. Mwaka 1842 Robert Davidson, Mskoti wa Aberdeen, alijaribu kichwa cha treni cha umeme kwenye reli ya Edinburgh na Glasgow, kikiendeshwa na vyuma vilivyovutwa kwa zamu na sumaku za umeme. Kilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na hakikufika mbali kibiashara: betri zilikuwa ghali, na hapakuwa na kifaa cha kukata na kuunganisha umeme kwa wepesi unaotakiwa. Transista za nguvu, yaani swichi za kielektroniki, zilipokomaa, wazo likafufuka. Makala ya Peter Lawrenson na wenzake, iliyotoka Uingereza mwaka 1980 ikitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Leeds, ndiyo iliyowafanya wahandisi waitazame mota hii upya.

Leo inatazamwa tena kwa sababu ya sumaku. Mota nyingi za magari na pikipiki za umeme hutegemea sumaku za neodimiamu, na zile za kustahimili joto kali huongezewa disprosiamu au terbiamu. Aprili 2025 China, inayotawala usafishaji wa madini hayo, iliweka masharti ya vibali vya kuuza nje aina 7 za madini adimu, disprosiamu na terbiamu zikiwemo. Tanzania ina madini ya jamii hiyo Ngualla, mkoani Songwe, na Kenya inayo Mrima, Kwale. Lakini kutoka jiwe la mlimani hadi sumaku iliyo ndani ya mota ni safari ndefu, na mota isiyohitaji sumaku hata moja inaikwepa safari yote.

Kwa nini basi haijajaa barabarani? Kwa sababu inapiga kelele na kutetemeka, na sehemu kubwa ya ugonjwa huo inatokana na mkondo wa koili kutofuata amri, yaani kiwango ambacho kidhibiti kinautaka ufike. Nguvu ya kuzungusha inaenda na mraba wa mkondo, kwa hiyo kosa la asilimia 10 kwenye mkondo ni kosa la asilimia 20 hivi kwenye nguvu. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mbinu zote imara za kudhibiti mkondo huo, yaani zinazofanya kazi hata tukikosea kuhusu mota, ni njia mbalimbali za kulipia kile tusichokijua kuhusu mota, na malipo hufanyika kwa volti. Mhandisi anayeweza kuhesabu kutojua kwake kwa volti ameshamaliza sehemu ngumu.

Mkondo mkaidi

Tuchukue mota ya mfano. Takwimu zake nimezichagua ziwe nyepesi kuhesabu, ila haziko mbali na mota halisi ya kilowati 1 hivi. Stata ina meno 8 na rota meno 6, kwa hiyo fezi ni 4. Umeme wa kuiendesha ni wa moja kwa moja, volti 300. Ukinzani wa waya wa kila fezi ni omu 1, na tunataka mkondo wa ampea 10. Chipu inapima mkondo na kutoa uamuzi mara 20,000 kwa sekunde, yaani kila baada ya maikrosekunde 50.

Kila fezi inalishwa na transista 2 na dayodi 2. Transista zote zikiwashwa, koili inapata volti 300 kamili na mkondo unapanda. Ikizimwa moja, koili inabaki na volti sifuri na mkondo unazunguka humo humo ukishuka taratibu. Zikizimwa zote, dayodi zinaigeuzia koili volti 300 kinyume na mkondo unaporomoka. Kwa kuwasha na kuzima haraka tunapata wastani wowote kati ya volti 300 na 300 kinyume. Hiyo ndiyo mali yote tuliyo nayo. Hakuna kidhibiti, hata kiwe cha kisasa namna gani, kinachoweza kutumia volti zaidi ya hizo, na hili nitalirudia.

Sasa ugumu. Koili ina tabia iitwayo induktansi: uzito wake wa kukubali mkondo ubadilike. Kadiri induktansi ilivyo kubwa, ndivyo mkondo unavyopanda na kushuka polepole kwa volti zile zile. Katika mota ya kawaida namba hiyo haibadiliki sana. Katika hii, kubadilika kwake ndiyo mota yenyewe. Isipobadilika, rota haisogei. Jino la rota likiwa mbali, sumaku inalazimika kupita kwenye hewa, na induktansi ya mota yetu ni milihenri 10 (henri ndicho kipimo chake). Meno yakitazamana uso kwa uso, njia ni chuma kitupu na pengo dogo la hewa, na induktansi inafika 60. Kupanda kutoka 10 hadi 60 kunafanyika ndani ya digrii 20 tu za mzunguko.

Hesabu ya kwanza ni hii. Meno yakiwa mbali, volti 300 kwa maikrosekunde 50 zinaongeza mkondo kwa karibu ampea 1.5. Yakiwa yametazamana, volti zile zile kwa muda ule ule zinaongeza ampea 0.25. Amri ni moja, mota ni moja, jibu linatofautiana mara 6, na tofauti hiyo inajirudia mara 6 katika kila mzunguko wa shafti kwa kila fezi.

Hesabu ya pili ni nzito zaidi. Induktansi inapopanda huku mkondo ukipita, koili inazalisha volti ya kupinga, sawa na mkondo mara kasi mara kiwango cha kupanda kwa induktansi. Milihenri 50 kwa digrii 20 ni henri 0.143 kwa kila radiani, ambayo ni digrii 57 hivi. Mota ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kasi yake ni radiani 157 kwa sekunde. Kwa ampea 10, volti ya kupinga inakuwa 225. Kati ya volti 300 tulizo nazo, 225 zimeliwa kabla hatujaanza kuongea na mkondo. Na haziliwi muda wote: jino likiwa mbali hazipo kabisa, likianza kuingia zinatokea ghafla, likimaliza kuingia zinatoweka.

Juu ya hayo chuma kina tabia ya kushiba. Mkondo mdogo unakifanya chuma kipitishe sumaku kwa furaha. Mkondo mkubwa unakijaza, na kila ampea ya ziada inaongeza sumaku kidogo sana. Maana yake zile milihenri 60 ni za mkondo mdogo. Kwa mkondo mkubwa, uzito ambao koili inauonyesha kwa mabadiliko madogo unaweza kushuka hadi 15 hivi, ingawa meno yametazamana. Nimewaona watu wakipima induktansi kwa mita ya mkononi, ambayo hutumia mkondo mdogo mno, wakaiandika kwenye programu kwa imani kamili, kisha wakashangaa mota inapiga kelele ya bati. Mita haikudanganya, iliulizwa swali jingine.

Washa-zima, na kidhibiti cha darasani

Njia ya zamani zaidi haiulizi chochote kuhusu mota. Mkondo ukishuka chini ya mpaka, washa. Ukivuka mpaka wa juu, zima. Ni imara kwa maana moja: joto, kushiba kwa chuma, kuchakaa kwa beringi, hakuna kinachoifanya ishindwe kujua pa kwenda. Watu wengi wanaojenga kidhibiti cha kwanza cha mota hii huanza nayo, na wanafanya vyema.

Ila tuiweke kwenye mota yetu. Mipaka ni ampea 0.2 juu na 0.2 chini ya 10. Chipu inapima na kukuta ampea 10.19, bado ndani ya mpaka, inaacha umeme uwake. Inarudi baada ya maikrosekunde 50. Kama meno yako mbali, mkondo sasa ni 11.6. Mpaka ulikuwa wa 0.2, kilichotokea ni ampea 1.6 juu ya amri. Kwenye osiloskopu, kifaa kinachouchora mkondo kwenye skrini, utaona msumeno wenye meno makubwa mwanzoni mwa kila pigo, yaani kila zamu ya fezi kuvuta, yakipungua rota inavyoingia, na masafa yake yakitangatanga. Sikio linausikia msumeno huo. Njia hii inalipia kutojua kwa kutumia volti zote 300 kila wakati, hata pale ambapo 50 zingetosha. Ni kama kufunga mlango kwa teke: unafungika, lakini nyumba nzima inajua.

Njia ya pili ndiyo inayofundishwa darasani: kidhibiti cha uwiano na mlimbikizo, kinachotoa volti kulingana na ukubwa wa kosa na kulikusanya kosa lililobaki hadi liishe. Kinafanya kazi nzuri kwenye mota nyingi duniani. Hapa kinakwama kwenye swali la nguvu ya uwiano. Tukikirekebisha kwa milihenri 10 ili kijibu kwa wepesi wa mizunguko 500 kwa sekunde, yaani kiweze kufuata amri inayopanda na kushuka mara 500 kwa sekunde, nguvu yake inatakiwa iwe volti 31 kwa kila ampea ya kosa. Rota ikifika kwenye milihenri 60, wepesi unashuka hadi mizunguko 83, na mkondo unaburuta nyuma ya amri. Tukikirekebisha kwa 60, nguvu ni volti 188 kwa ampea, na rota ikirudi kwenye 10 wepesi unaruka hadi mizunguko 3,000. Chipu yetu inachelewa sampuli moja na nusu hivi (sampuli ni ile zamu ya maikrosekunde 50) tangu kupima hadi volti kutoka, na kwa mizunguko 3,000 ucheleweshaji huo unakula digrii 81 kati ya 90 za usalama, yaani za nafasi iliyopo kabla masahihisho hayajachelewa kiasi cha kukuza kosa badala ya kulipunguza. Mkondo unaanza kuyumba wenyewe.

Wahandisi hutibu kwa kubadilisha nguvu ya uwiano kulingana na pembe ya rota, na kwa kuongeza volti ya kupinga iliyokadiriwa moja kwa moja kwenye amri. Ni dawa halali na inatosha kwa kazi nyingi, pampu na feni zikiwemo. Lakini angalia tulichofanya: tumeingiza ndani ya kidhibiti jedwali la mota, linalosema induktansi ni ngapi kwa kila pembe. Tangu hapo ubora wa mkondo ni ubora wa jedwali. Hapa ndipo swali la uimara linapoanza kwa kweli.

Kuhesabu kutojua

Jedwali linakosea kwa sababu nyingi, na kosa kubwa la wanaoanza ni kuziogopa zote sawa. Tuzipime kwa volti.

Waya wa shaba ukipata joto, ukinzani wake unaongezeka kwa asilimia 0.39 kwa kila nyuzi ya sentigredi. Kutoka nyuzi 25 hadi 125 ni asilimia 39. Inasikika kubwa. Kwa omu 1 na ampea 10, ni volti 3.9. Nimesoma kurasa nyingi zinazohangaika na ukinzani, na kwenye mota hii hizo volti 4 ni chenji.

Volti ya kupinga ni jambo jingine. Jedwali likikosea mwinuko wa induktansi kwa asilimia 20, na kwa sababu ya kushiba kwa chuma na tofauti ndogo za pengo la hewa kati ya mota na mota hilo ni kosa la kawaida, tunakosea volti 45.

La tatu husahaulika: kihisi cha pembe. Kikifungwa digrii 1 pembeni, jedwali linasoma induktansi ya mahali pengine. Katikati ya zile digrii 20 ambamo induktansi inapanda, digrii 1 ni milihenri 2.5. Mkondo ukiwa umetulia haidhuru. Lakini tukiamuru mkondo ushuke kutoka ampea 10 hadi sifuri ndani ya digrii 5, ili fezi moja ikabidhi kazi kwa nyingine bila mota kushtuka, mkondo lazima ubadilike kwa ampea 18,000 kwa sekunde. Milihenri 2.5 za makosa zikizidishwa na kasi hiyo ni volti 45 nyingine.

Jumla, wakati mkondo umetulia, kutojua kwetu hakuzidi volti 49. Wakati wa makabidhiano, hakuzidi volti 94. Sasa tuna namba, na namba hiyo ndiyo inayodaiwa na mbinu iitwayo udhibiti wa kuteleza.

Mbinu hii ilikuzwa Moscow katika shule ya Stanislav Emelyanov na Vadim Utkin kuanzia miaka ya 1950 na 1960. Kwenye mota yetu inafanya hivi. Kwanza inatoa volti ambazo jedwali linaziona ni sahihi: za ukinzani, za kupinga, na za kubadilisha mkondo kama amri inabadilika. Kisha inaongeza au kupunguza kiasi kisichobadilika, tukiite akiba, kutegemea kama mkondo uko chini au juu ya amri. Sharti ni moja: akiba iwe kubwa kuliko kutojua kote. Likitimia, kosa la mkondo haliwezi kukua. Ukiwa juu ya amri unasukumwa chini hata jedwali likikosea kadiri lilivyoruhusiwa kukosea. Ukiwa chini unasukumwa juu. Uthibitisho wake unatumia njia ya Aleksandr Lyapunov, Mrusi aliyetoa tasnifu yake ya uthabiti mwaka 1892: chukua mraba wa kosa, onyesha kwamba unapungua kila wakati, na huna haja ya kutatua milinganyo ya mota.

Kwa mkondo uliotulia tuchague akiba ya volti 60, zaidi kidogo ya zile 49. Sasa linganisha na washa-zima. Meno yakiwa mbali, volti 60 kwa maikrosekunde 50 zinasogeza mkondo ampea 0.3. Washa-zima ilikuwa inausogeza 1.5. Kelele imepungua mara 5, na hatukupoteza uimara, kwa sababu tulinunua uimara kwa kiasi tulichokihitaji tu. Tazama pia bajeti nzima kwa kasi ya mizunguko 1,500: volti 225 za kupinga, 10 za ukinzani, 60 za akiba. Ni 295. Zimebaki 5. Aliyechagua akiba ya volti 150 kwa kujihami ana uthibitisho mzuri kwenye karatasi na mota isiyo na volti za kuutekeleza.

Shida ya mbinu hii ni kutetemeka. Akiba inaruka juu na chini kila sampuli, kwa sababu mkondo hauwi sawa na amri hata siku moja. Dawa ya kwanza ni kulainisha: karibu na amri, akiba isiruke bali ipungue taratibu. Ukanda huo wa ulaini usiwe mwembamba kuliko hatua moja ya mkondo, ambayo kwetu ni ampea 0.3. Ndani yake kidhibiti kinakuwa na nguvu ya volti 200 kwa ampea, na msomaji aliyefuata hesabu ataona kwamba imeizidi ile 188 iliyoyumbisha kidhibiti cha darasani. Ni kweli, na itayumba vilevile, kwa sababu ucheleweshaji wa chipu haujali jina la mbinu. Una njia mbili. Panua ukanda hadi ampea 0.9 hivi, ukubali kosa kubwa zaidi. Au tumia jedwali kutabiri mkondo utakuwa wapi sampuli ijayo, na ufanye uamuzi juu ya mkondo huo uliotabiriwa. Mimi nachagua ya pili kila mara. Makala nyingi za udhibiti wa kuteleza hupita juu ya ucheleweshaji kana kwamba chipu inajibu papo hapo, na mtu akizijaribu kwenye mota halisi hukata tamaa na mbinu nzuri kwa kosa lisilo lake.

Dawa ya pili ilichapishwa na Arie Levant mwaka 1993. Badala ya kuruka, akiba inagawanywa sehemu mbili: moja inafuata mzizi wa pili wa kosa, nyingine inakusanya taratibu alama ya kosa, juu au chini. Sehemu ya pili inajifunza volti ambazo jedwali lilizikosa. Ikishazijua, ya kwanza inabaki na kazi ndogo, na volti zinazotoka ni laini. Sharti lake linahusu kasi ya kubadilika kwa kutojua badala ya ukubwa wake tu, na hapo mota hii inaibana, kwa maana volti ya kupinga inatokea na kutoweka ghafla. Ndiyo sababu bado inahitaji jedwali, hata la kukadiria, libebe mishtuko mikubwa.

Anayetaka kufika kwa pigo moja

Kuna kundi jingine la mbinu, za kutabiri. Ile kali kuliko zote inauliza: ni volti ngapi hasa zitakazoufikisha mkondo kwenye amri ndani ya sampuli moja? Inasoma kwenye jedwali sumaku iliyopo na inayotakiwa, inagawanya tofauti kwa maikrosekunde 50, inaongeza za ukinzani, basi. Jedwali likiwa sahihi, mkondo unafika kwa hatua moja bila kupitiliza. Ukiuona kwenye skrini unafuata kona za amri kama uzi wa fundi mwashi, utaelewa kwa nini watu wanaipenda.

Lakini ina mpaka mkali. Ukiacha ucheleweshaji pembeni, kosa linalobaki kila sampuli ni kosa la mwanzo likizidishwa na namba hii: 1 kutoa uwiano wa induktansi ya jedwali kwa ile ya kweli. Jedwali likisema ndogo, uwiano uko chini ya 1, na mkondo unafika kwa hatua kadhaa badala ya moja. Jedwali likisema kubwa mara mbili ya ukweli, kosa linageuka upande wa pili likiwa na ukubwa ule ule, milele. Likizidi hapo, linakua. Rudi sasa kwa mtu wa mita ya mkononi: ameandika 60, chuma kimeshiba, ukweli ni 15. Uwiano ni 4. Kila sampuli kosa linazidishwa mara 3 kinyume, hadi volti zote 300 zinaishia kupigwa huku na huku. Ile kelele ya bati ndiyo hii. Ushauri ninaompa kila anayeanza: ukikosa uhakika wa induktansi, kadiria chini. Kukadiria chini kunakuchelewesha. Kukadiria juu kunakuvuruga.

Ili kuipa mbinu hii uimara, wengi huiongezea kikadiriaji cha usumbufu, wazo lililoendelezwa sana na Han Jingqing wa China miaka ya 1990. Chipu inabashiri mkondo ujao, inasubiri, inapima. Tofauti kati ya ubashiri na kipimo inageuzwa kuwa volti: hizi ndizo nilizozikosa. Sampuli inayofuata inaziongeza. Haijali kama zilikosekana kwa joto, kwa kuchakaa au kwa betri kushuka. Inalipa deni bila kuuliza mdaiwa alikwenda wapi. Ila inalipa kwa kuchelewa, na kila kelele ndogo ya kihisi cha mkondo inaisoma kama deni pia. Ukiifanya nyepesi inakuza kelele. Ukiifanya nzito inapitwa na jino la rota linalopita. Kwenye mota yetu jino linapanda mteremko wake kwa milisekunde 2.2 tu kwa mizunguko 1,500, yaani sampuli 44. Kikadiriaji kinachohitaji sampuli 30 kutulia kimefika wakati wa kufunga.

Kwa kazi ya kweli ningechanganya: jedwali lililopimwa kwa mkondo mkubwa, utabiri wa sampuli moja mbele, kikadiriaji cha kasi ya wastani kibebe makosa ya polepole kama joto, na akiba ndogo ya kuteleza kwa ajili ya kilichobaki. Kikadiriaji kikishusha kutojua kutoka volti 49 hadi 20, akiba inashuka kutoka 60 hadi 25, na hatua ya mkondo inakuwa ampea 0.125. Kila volti tunayoijua ni volti tusiyolazimika kuipigia kelele.

Volti zikiisha

Kila nilichoeleza kimefanyika kwa mizunguko 1,500 kwa dakika. Ongeza hadi 3,000. Volti ya kupinga kwa ampea 10 inakuwa 450, nasi tuna 300. Hakuna kuteleza, hakuna kutabiri, hakuna kikadiriaji kitakachoushikilia mkondo pale. Transista zitabaki zimewashwa muda wote, na bila kuhesabu kushiba kwa chuma, mkondo utashuka kuelekea ampea 6.5, mahali ambapo volti za kupinga na za ukinzani zinatoshana na 300. Kidhibiti kiko hai, kinaona kosa, kinapiga kelele ndani ya programu, lakini mfuko ni mtupu. Kwa hiyo kidhibiti cha mlimbikizo lazima kizuiwe kuendelea kukusanya kosa hapo, la sivyo mkondo utapitiliza vibaya amri itakaposhuka.

Linalobaki mkononi ni wakati wa kuwasha. Jino likiwa mbali hakuna volti ya kupinga, kwa hiyo mkondo ujazwe mapema. Kufikisha ampea 10 kwenye milihenri 10 kwa volti 300 kunachukua theluthi moja ya milisekunde. Kwa mizunguko 3,000 rota inasogea digrii 18 kwa milisekunde, hivyo fezi iwashwe digrii 6 kabla jino halijaanza kuingia. Na kile kihisi cha pembe kilichofungwa digrii 1 pembeni, ambacho kwa kasi ndogo tulikifidia kwa akiba, sasa hakina wa kukifidia: fezi ikiwashwa digrii 1 baadaye, jino linaingia likikuta ampea 8.3, na kwa kuwa nguvu inafuata mraba wa mkondo, mota inaanza pigo lake ikiwa imepoteza karibu theluthi moja ya nguvu.